Kilo Lima Haitaitwa Tena

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa majokofu, lakini jina lililomganda lilitoka hewani. Kila mwenye leseni ya kuongea redioni na wenzake wa mbali hupewa na serikali jina lake, herufi na tarakimu, na la kwake lilikuwa fupi, la siku nyingi, likiishia na Kilo Lima, yaani K na L kama zinavyotamkwa redioni. Majirani walimtania kwamba yeye ni mkulima wa kupimwa kwenye mizani. Alicheka tu. Mwishowe mtaa mzima ukamwita Mzee Kilo Lima, na mimi nikawa Mama Kilo Lima hata kanisani.

Chumba cha redio kilikuwa cha nyuma, tulikijenga kiwe stoo. Kulikuwa na mtambo, maikrofoni yenye kitufe ubavuni, stuli mbili, na waya uliotokea dirishani ukapanda hadi kwenye antena juu ya bati. Ukutani alibandika masharti ya leseni, na binti yetu alijifunza kusoma kwa hayo kabla ya kitabu cha shule. Taja jina lako unapoanza na unapomaliza. Usifanye biashara hewani. Usipige muziki. Asiye na leseni haongei, isipokuwa mwenye leseni ameketi naye na amemruhusu.

Kwa sharti hilo la mwisho hata mimi niliongea. Jumapili baada ya ibada alinivutia stuli, akanipa maikrofoni, mkono wake ukiwa begani kwangu. "Msalimie huyu bwana, yuko kisiwani, mkewe anaumwa." Nikamsalimia, nikamwambia nitamwombea mkewe nikifunga mlango, maana mahubiri nayo hayakuruhusiwa.

Alipokufa, leseni ilikufa naye. Ndivyo ilivyo. Jina hulazwa kwa muda, kisha hupewa yeyote atakayeliomba. Asiyelazimika kungoja ni ndugu wa damu mwenye leseni, tena awe anaishi nyumba ile ile ya marehemu. Binti yetu alikuwa anaishi nyumba ile ile. Leseni tu ndiyo hakuwa nayo, na mtihani ulikuwa unakaribia.

"Nyumba yako, mama, vyombo vyako, kila kitu chako," aliniambia siku tuliyokunja nguo za baba yake. "Mimi nipe Kilo Lima. Sitaki kingine."

Sasa kulikuwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, muuza vioo aliyekaa upande wa pili wa mji na mkewe. Redio alifundishwa na kaka yake. Leseni alikuwa nayo, ya wanaoanza, na jina lake la hewani lilikuwa refu kama foleni ya hospitali. Wenzake walikuwa wakimcheka: mpaka amalize kujitambulisha, wewe umeshakunywa chai. Msibani alimshika binti kichwa akasema, "Soma kwa utulivu, mwanangu. Jina la kaka nalilinda mimi." Nilimtazama. Mdomo ulikuwa kwa mtoto, macho yalikuwa kwenye mtambo, yanaupima kama kioo cha dirisha. Nikanyamaza, maana hakuna anayekamatwa kwa kutazama.

Wale watu wa redio wana desturi yao. Mwenzao akifa, chama huchagua siku, na mwenyekiti humwita hewani kwa jina lake mara tatu. Baada ya kila mwito wote hunyamaza, kana kwamba anaweza kujibu. Asipojibu, mwenyekiti hutangaza kwamba kituo kimefungwa.

Tulikaa chumba cha nyuma, mimi na binti, Jumapili ya jua kali, bati likilia kwa joto. Kusikiliza hakuhitaji leseni. Mwenyekiti, ambaye maisha yake yote alikuwa mng'oa meno, alikuwa na sauti ya taratibu ya mtu aliyezoea kuwatuliza waoga. Akaita. Redio ikachemka peke yake. Binti akanishika mkono. Akaita tena. Kimya kile sijawahi kukisikia hata makaburini. Nikapiga ishara ya msalaba. Akaita mara ya tatu.

"Kilo Lima hapa, nakusikia vizuri, mwenyekiti. Natumia mtambo wa ndani ya gari."

Sauti ilikuwa ya mume wangu. Kukohoa kule kule, kuburuta maneno kule kule. Mimi nilijua ni shemeji baada ya pumzi moja, maana ndugu wale walifanana sauti tangu utoto na mama mkwe alikuwa akiwachanganya wakibisha mlangoni. Lakini binti hakungoja hiyo pumzi moja. Alirukia maikrofoni, akabonyeza.

"Baba! Baba, uko wapi?"

Mji mzima wa redio ulimsikia. Kisha ile sauti ikarudi, safari hii ikiwa haijifichi tena, na kicheko kimebanwa kooni.

"Kituo kinachoita, taja jina lako la hewani."

Binti akabaki na maikrofoni mkononi. Hakuwa nalo.

"Narudia. Kituo kisicho na jina, jitambulishe au uondoke hewani. Hayo ndiyo masharti."

Mwenyekiti hakutangaza chochote. Nilimnyang'anya binti maikrofoni nikazima mtambo. Kumbe shemeji alikuwa amekwisha kupewa jina, kwa kudai kwamba ni ndugu wa damu mwenye leseni anayeishi nyumba ya marehemu. Alipewa kwa muda, hadi mkaguzi aje kuthibitisha. Alikuwa nalo tangu wiki za matanga, na akachagua siku ile kulivaa, mbele ya watu, kama mtu anayekuja mazikoni na suti ya maiti.

Wiki ile ile ofisi ya mawasiliano ikamzuia binti kufanya mtihani kwa muda, kwa kosa la kuongea bila leseni. Aliyemshtaki, shemeji huyo huyo, hakujificha. Alikuja mwenyewe kutuambia, na matunda kwenye mfuko.

"Sheria ni sheria, shemeji. Mimi ningefanyaje?"

"Ungekaa kimya," nikamwambia. "Ulichoombwa kilikuwa hicho tu."

"Ah, shemeji naye! Ulikuwa utani wa kwetu wa redio. Nani angejua mtoto atamwita maiti?" Akamgeukia binti, akalegeza sauti. "Sikiliza, mwanangu. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Mama aseme tu mimi naishi hapa. Kizuizi chako kikiisha, ukipata leseni, nakuachia Kilo Lima. Naapa kwa kaburi la kaka."

"Nikisema huishi hapa?" nikamwuliza.

"Basi jina limepatikana kwa uongo. Linafutwa. Hapewi mtu tena, hata huyu."

Siku zile binti alinifuata jikoni, uani, hadi kwenye kamba ya nguo. "Mama, neno moja tu. Yule mwongo, najua, lakini jina litakuwa hai. Mama, ni la baba."

"Nisimame mbele ya Mungu na mtu mzima niseme uongo?"

"Kwani Mungu ana haja gani na antena?"

Nilikuwa nasali sana siku hizo, na niseme ukweli, nilichokiona nikifumba macho kilikuwa uso wa shemeji.

Alhamisi mkaguzi alikuja, kijana mpole mwenye viatu vya vumbi, akavivua mlangoni bila kuambiwa. Shemeji alikuwa ametangulia na ndala zake, shati lake amelitundika kwenye msumari wa chumba cha redio, na mswaki ameuweka dirishani. Mswaki ulikuwa mpya, bado na karatasi ya dukani. Nilikaribia kucheka.

Mkaguzi alitazama mtambo, akafuata waya kwa kidole, akaniuliza, "Mama, huyu bwana anaishi hapa?"

Binti alikuwa amesimama nyuma yake, viganja vimeunganishwa kama anayepokea sakramenti. Shemeji alitabasamu. Kwenye lile tabasamu niliisikia tena sauti ile: kituo kisicho na jina, jitambulishe.

"Haishi hapa," nikasema. "Hajawahi kulala hapa hata usiku kaka yake alipokuwa anakata roho. Tulimpigia simu, akasema ana wateja. Huo mswaki ameuleta asubuhi hii, mwulize ladha yake."

Mkaguzi aliutazama mswaki. Shemeji alifungua mdomo, na mara ya kwanza tangu nimjue, sauti ya mume wangu haikutoka humo. Utamu nilioupata sijawahi kuupata kwa sukari. Kisha mkaguzi akasema jina litafutwa, na nikasikia binti akikaa chini sakafuni.

Shemeji sasa hana hata lile jina refu. Leseni walimnyang'anya. Mkewe ananiambia anakaa dukani kati ya vioo, anajitazama tu. Sijaenda kumwona.

Binti kizuizi chake kiliisha, akafanya mtihani, akafaulu. Walimpa jina jipya, na hakuna mtaani anayelijua. Jumapili anakaa chumba cha nyuma kwenye stuli ya baba yake. Stuli ya pili ameiwekea kasha la vifaa.

Juzi nilimpelekea chai. Alikuwa anaongea na bwana wa kisiwani, yule yule, anayenikumbuka. Nilimsikia kwa spika akiuliza, "Mama yupo? Nimsalimie?" Nikaweka kikombe, nikafuta mikono kwenye khanga, nikanyoosha mmoja kupokea maikrofoni.

Binti alinitazama. Kasha hakuliondoa.

"Asiye na leseni haongei, mama," akasema, "mpaka mwenye leseni aruhusu."

Akabonyeza kitufe, akamwambia yule bwana nimetoka, akataja jina lake jipya kama inavyotakiwa mtu anapomaliza, akazima.