Msumeno Uliokwenda Kombo

Msumeno wa mnyororo ulikuwa ukikata magogo kombo, kila mara kushoto. Mume alilaumu mti, akalaumu petroli, mwisho akamfukuza mkataji. Leo ameushika mwenyewe, na bado umekwenda kombo.

Mkewe, mwenye nusu ya biashara na udadisi wote, aliulaza mezani, akapima meno yake kwa njiti ya kiberiti. Ya kulia yalikuwa mafupi kuliko ya kushoto.

"Baba Pacha, tupa ya kunolea meno hushika nani?"

"Mimi. Kwenye kunoa simwamini mtu."

"Basi upande uliokukalia vizuri mkononi ndio uliouchubua zaidi, na msumeno ukavutwa upande wa pili."

Mume akakuna kichwa. "Namba ya mkataji unayo?"

Mkewe akamsogezea simu. "Ninayo. Maneno ya kuanzia utayatafuta mwenyewe."