Tundu la Kumi na Tano

Milipuko ilikuwa kumi na minne. Matundu yalikuwa kumi na matano. Mimi nahesabu kwa kokoto, natia moja moja kwenye kopo tupu la maziwa kila mwamba unapolia, na kopo halina sababu ya kunidanganya. Nikatazama juu ya tuta, alipokuwa mlipuaji wetu tunayemwita Kimya, naye akaninyooshea vidole: kumi, halafu vinne. Tukabaki tunaangaliana. Vumbi lilikuwa bado linapanda kutoka shimoni.

Kwa asiyeyajua machimbo ya mawe, nieleze. Mwamba unatobolewa matundu, kila tundu linatiwa baruti na utambi wake, tambi zinawashwa, king'ora kinalia, watu wanakimbia. Kisha watu wawili wanahesabu milipuko, kila mmoja kivyake, mmoja juu ya tuta na mmoja langoni. Hesabu zikitimia, watu wanarudi kazini. Zisipotimia, kuna tundu limelala, na tundu lililolala halijafa. Linaweza kuamka baada ya dakika mbili, linaweza kuamka baada ya saa. Sheria ni kusubiri saa nzima, halafu mtu mmoja, peke yake, ashuke kulitegua.

Huyo wa langoni ni mimi. Miaka kumi na mitatu nakaa kwenye kibanda hiki cha bati na ubao wangu wa namba za wafanyakazi, kopo langu, na ulimi wangu ambao madereva wa malori wanauogopa kuliko baruti yenyewe. Na mume wangu alifia humo shimoni, miaka kumi na moja iliyopita, kwa tundu lililolala.

Watu wakisikia hivyo wananipa pole, halafu wanauliza ni nani aliyekosea hesabu. Nilikuwa na jibu tayari: Kimya. Ndivyo alivyosema mwenyewe mbele ya hakimu. Alisema mwamba wa nyuma ulirudisha mwangwi, naye akauhesabu kama mlipuko, akatangaza kumi na mbili kumbe ilikuwa kumi na moja. "Kosa ni langu," alisema, akakaa chini. Alifungwa miezi kumi, na alipotoka kampuni ilimrudisha kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua kazi ile vizuri.

Basi akaanza kuja kwangu. Hakuja na maneno, jina lake unalo. Alikuja na nyundo. Paa likivuja, Kimya yuko juu. Bomba likiziba, Kimya yuko chini, matope mpaka kwenye nyusi. Binti yangu alikuwa darasa la pili, na mpaka alipomaliza la saba ni Kimya aliyemvusha barabara kuu kila asubuhi. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni nimekunja mikono, namwangalia anavyotoka jasho, najisemea moyoni: toka jasho, bwana, toka. Binti alipokua akaelewa nani alisema nini mahakamani, akaacha kumwamkia. Sikumkataza.

Kanisani nilisimama mbele ya watu wote nikatangaza kwamba nimemsamehe. Watu walilia. Mke wa mchungaji alinikumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikanianguka. Nilirudi kwenye benchi langu najiona mtu mkubwa. Mchungaji wetu ana somo moja analolipenda: kwamba hakuna anayekubaliwa na Mungu kwa kazi ya mikono yake, hata afanye kazi mpaka aanguke, kwamba mtu anapokelewa bure, kwa kumwamini Yule aliyelibeba kosa lake. Kila akilifikia somo hilo nilikuwa nageuka nyuma kumtafuta Kimya, namwambia kwa macho: sikia hiyo, inakuhusu. Lakini paa likivuja tena, sikuwahi kumwambia aache.

Siku hiyo ya tundu la kumi na tano, tukakaa kusubiri. Mashine zilikuwa zimezimwa zote, na ukimya wa machimbo ni mbaya, unasikia mpaka mchanga unavyoteremka ukutani. Saa yangu ya ukutani ilisema dakika kumi. Ishirini. Mchana kweupe, jua la saa nane, nami nilikuwa nasikia baridi mgongoni. Malori saba yalikuwa yamepanga foleni nje ya lango, na dereva wa mbele hakunifanyia mzaha kama kawaida yake.

Dakika ya arobaini msimamizi alikuja kibandani, amefungua vifungo viwili vya shati.

"Inatosha," akasema. "Utambi umekufa huo. Nitawatuma wale wawili wapya."

"Saa nzima, bosi," nikamwambia. "Au umesahau ni namba ya nani iliyofutwa kwenye ubao huu?"

"Mama, usinifundishe kazi."

Wale wapya walikuwa wamesimama nyuma yake, vijana wa wiki ya pili, mmoja anamsukuma mwenzake kwa kiwiko kama watu wanaochaguana nani aanze kucheza. Hawakujua wanakochaguliwa kwenda. Kimya alikuwa ameshuka kutoka kwenye tuta, akawapita bila kuwatazama.

"Nitaenda mimi," akasema.

Msimamizi akainua mabega na kurudi kwenye malori yake, vijana wakamfuata. Kimya akaja dirishani kwangu, akanyoosha mkono kunipa namba yake niiangike ubaoni, kama utaratibu ulivyo. Nikauona ule mkono. Una kovu la msumari wa paa langu. Nikajua kwa nini anakwenda, au nilidhani najua: anakwenda kulipa. Amepanda paa, amezibua bomba, sasa anatafuta kumalizia kwa roho yake, halafu nitakuwa nimewaua wawili.

Ndiyo, nimesema nitakuwa nimewaua. Neno hilo nilikuwa nimelikalia miaka kumi na moja.

"Shemeji, ngoja kwanza," nikasema, kama nilivyozoea kumwita tangu enzi za marehemu.

"Bosi hataki kungoja saa itimie."

"Ngoja, nimesema." Nikatoka kibandani, nikamshika mkono wa shati. "Siku ile mimi sikuhesabu."

Nikaendelea, kwa sababu ningenyamaza nisingeanza tena.

"Marehemu alikuwa amesimama hapa hapa. Asubuhi alikuwa ametoka na ufunguo wa nyumba mfukoni, nikafungiwa nje mimi na mtoto, mvua ikatunyeshea. Nilikuwa namfokea. Tangu mlipuko wa kwanza mpaka wa mwisho nilikuwa namfokea kuhusu ufunguo. Ulipotangaza kumi na mbili, nami nikaitikia kumi na mbili, bila kusikia hata mmoja. Hakukusikiliza wewe, shemeji. Alinisikiliza mimi mkewe, nikamwambia haya nenda, akaenda. Wewe ulikosea kuhesabu. Mimi sikujaribu hata kuhesabu. Basi usishuke humo kwa ajili ya dhambi yangu."

Niliyasema yote hayo kwa pumzi moja, nikamwangalia usoni, nikingoja atukane. Ningefurahi angetukana.

"Najua," akasema Kimya.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa juu ya tuta, nilikuona. Ulikuwa umeligeuzia shimo mgongo, kidole kiko usoni kwa marehemu. Nilijua hukuhesabu."

"Ulijua mpaka mahakamani?"

"Mpaka mahakamani."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, tungefungwa wote wawili. Mtoto alikuwa na miaka saba, na baba yake alikuwa ameshakwenda." Akajikuna kidevu. "Si jambo la kulijadili langoni, shemeji."

Nilikasirika. Nawaambia ukweli, nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Miaka kumi na moja nilikuwa najiona namvumilia mtu, kumbe ni mimi niliyekuwa navumiliwa. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikamsamehe, na yeye alikaa pale benchi la nyuma, ananitazama, anajua.

"Na paa?" nikamuuliza. "Na bomba? Na mtoto kuvushwa barabara? Si ulikuwa unalipa?"

"Nilipe nini? Kosa langu nilimpelekea Mungu nikiwa gerezani, sina hata viatu, akanipokea nilivyo. Sikuwa na cha kumpa, na hakukitaka." Alisema hivyo kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Paa lako lilikuwa linavuja, ndiyo maana nikapanda."

"Na humo shimoni?"

"Humo nakwenda kwa sababu wale vijana hawajui kutegua. Niachie shati."

Sikumwachia. Nilikuwa na mengine ya kusema, sijui yapi, huenda nilitaka tu agombane na mimi kidogo nipate pa kushika. Akaanza kunibandua vidole taratibu, kimoja kimoja. Alikuwa amefika cha tatu ardhi iliporuka.

Sikusikia mlipuko, niliusikia miguuni. Halafu bati la kibanda likapigwa na mawe, tukawa chini, mkono wake kichwani kwangu, na mdomo wangu umejaa mchanga. Jiwe kubwa kama mtungi wa gesi lilianguka kwenye njia ya kushukia shimoni, pale ambapo mtu angekuwa kama angeanza kutembea nilipomwambia angoje. Kisha mawe madogo, kisha vumbi tu. Msimamizi alikuwa amekaa chini ya lori ameshika kichwa, na mmoja wa wale vijana alikuwa anatapika.

Mimi jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa furaha ya mtu aliyepata kitu cha kuweka mezani. Nikamgeukia Kimya, wote weupe kwa vumbi, nikamwambia, "Nimekuokoa. Umeona? Nisingekushika ungekuwa umekufa. Basi hatudaiani tena."

Akakohoa, akatema mchanga pembeni. "Nashukuru, shemeji. Kweli umeniokoa. Lakini usilihesabu hili kuwa malipo ya siku ile. Ya siku ile yalishakwisha zamani, hata kabla hujafungua mdomo."

"Basi nipe adhabu. Nitafua nguo zako. Nitakwenda polisi, nitasimama kanisani niwaambie wote, nitamwambia binti yangu leo hii."

"Mtoto mwambie, maana ni kweli na ni haki yake. Hao wengine utaona mwenyewe. Lakini usiwaambie ili nikusamehe." Akajifuta macho kwa upande wa ndani wa shati. "Hakuna kilichobaki cha kufanya."

Niliogopa. Mlipuko haukunitisha kama maneno hayo, kwa sababu mlipuko ulikuwa umekwisha, na mtu huyu alikuwa bado amekaa mbele yangu, mikono mitupu, hataki kitu. Tangu nizaliwe sijapokea kitu bila kujua nitakirudisha vipi, na ulimi wangu huu haujawahi kukosa la kujibu. Nilitafuta la kufanya sikuliona. Lilikuwa limebaki neno moja tu, asante, na nilikaa pale chini kwenye mawe, mdomo wazi, navuta pumzi mara tatu, nne, neno lenyewe likinikatalia.