Maji ya Kijiko

Fundi wa kola alilamba ncha ya uzi aipitishe kwenye tundu la sindano, ikatoka kavu kama ilivyoingia. Mdomo haukuwa na mate. Akaomba maji.

Mtungi wa karakana ya mashati ulifungiwa kabatini, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa msimamizi. Anayekunywa huenda chooni, na anayekwenda chooni hashoni. Ijumaa kila fundi alipewa soda baridi, tena mlangoni, wakati wa kutoka.

"Mdogo wangu, daktari kasema figo zinachoka. Soda haisaidii, nahitaji maji."

"Hapa kazini mimi si mdogo wa mtu, dada. Vumilia."

Fundi na msimamizi walikuwa wa tumbo moja. Utotoni mdogo aliharisha mpaka macho yakadidimia, na dada yake, naye mtoto tu, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko mpaka akakojoa. Nyumba nzima ilishangilia ule mkojo.

Asubuhi hiyo kiwiko cha msimamizi kikaanza kuvuja. Maji yalidondoka kijiko kwa kijiko, yakapita chini ya meza ya kukatia, yakazunguka majora ya kitambaa, yakapanda mguu wa cherehani na kutulia mbele ya fundi. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi kidogo, sukari kidogo. Mchanganyo wake mwenyewe.

"Kunywa upesi, yasije yakalowesha kola," alisema mpiga pasi, bila kuinua pasi.

Hakuwahi. Msimamizi alishafika.

"Ni yale niliyokunywesha," fundi alisema.

"Najua. Nayakumbuka."

Fundi aliumia sana. Miaka yote alijipa moyo kwamba mdogo wake alikuwa mchanga mno, amesahau.

Msimamizi alikausha meza kwa kitambaa, akakinga ndoo chini ya kiwiko, akaendelea kukagua vifungo. Ndoo ilipojaa aliibeba taratibu isimwagike hata tone, akaiweka kabatini kando ya mtungi, akafunga.

"Mbona umeacha kushona?"

"Uzi hauingii."

Msimamizi akamnyooshea kiwiko. Fundi alilowesha ncha ya uzi pale kilipovuja, akaipitisha tunduni, na mdogo wake akasubiri mpaka sindano ilipoanza kwenda.