Mwamba wa Bumula

Koroboi ilizimika kabla haijagusa mwamba. Niliivuta juu kwa kamba, nikaiwasha, nikaishusha tena. Ikazimika palepale, kana kwamba kuna mtu shimoni aliyeipuliza.

"Hewa mbaya," nilisema. "Tungoje."

"Mpaka lini, bana?" Wekoye, aliyekuwa akinivutia udongo juu kwa kamba, aliuliza. "Si Krismasi ndiyo hii?"

Alisema kweli. Ulikuwa mwaka wa 1948, na kanisa letu la Bumula lilikuwa limeahidiwa shule kwa sharti moja: maji yapatikane kabla ya Krismasi. La sivyo ingejengwa Mabanga, mbali sana kwa binti yangu Lenah, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa dhaifu.

Kuchimba visima nilijifunza Kitale, kwenye mashamba ya walowezi, kwa kutazama tu kilichotoka shimoni. Kwanza udongo mweusi, halafu mwekundu, halafu changarawe, halafu jiwe lililooza ambalo ukilifinya linavunjika mkononi. Polepole nikaelewa kwamba udongo wote ule ulikuwa jiwe zamani. Mvua na hewa ndivyo vilivyousaga, kutoka juu kwenda chini. Kitale, maji yalikaa katika jiwe lililooza. Bumula, siku chache kabla ya koroboi kuzimika, tulilipita likiwa kavu, tukagonga mwamba mzima. Sururu ililia kama kengele.

"Umefika kwa mfupa wa dunia," Wekoye alicheka. "Rudi nyumbani ulale."

Nilirudi na kipande cha mwamba ule. Mke wangu Agneta alikuwa akitafuta figa jipya. Alikichukua, akakigonga kwa jiwe lingine, akasikiliza. Mwanamke wa kwetu hateleki chungu juu ya jiwe asilolisikiliza.

"Hili hapana, Baba Lenah. Lina nyufa ndani. Likipata moto litapasuka, limwage ugali wangu."

Nilikichukua tena, nikakigonga mwenyewe. Penye nyufa, maji hupita. Na penye nyufa, moto unaweza kuingia.

Tulishusha kuni, tukawasha moto juu ya mwamba, ukawaka kutwa. Kisha tukamwaga maji baridi. Wanawake waliyaleta kutoka mtoni wakinung'unika: ati maji ya kunywa yatupwe shimoni! Mwamba ukapasuka ukilia kama bunduki. Lakini moto ulikuwa umekula hewa nzuri na kuacha ile nzito, inayotuama chini kama maji ndani ya chungu. Hiyo ndiyo iliyozima koroboi.

Basi nilifunga tawi lenye majani mengi kwenye kamba. Tukalishusha na kulipandisha, tukiichota ile hewa mbaya, Wekoye akitukana, Agneta akimpokea alipochoka. Mwishowe koroboi ilifika chini ikiwaka.

Nikashuka. Niliingiza mtaimbo kwenye ufa, nikauegemea kwa uzito wangu wote. Bonge la mwamba likasogea. Chini yake kitu kilipumua, kisha ubaridi ukanishika vidole vya miguu.

"Kuna nini huko?" Wekoye aliita.

"Maji."

Sauti yangu ni ndogo, hakusikia. Agneta alisikia. Kigelegele chake kilishuka mpaka kwangu, kikafuatwa na vingine, mpaka kuta za kisima zikadondosha vumbi.

"Panda basi, Baba Lenah! Utazama!"

Wekoye alikuwa amekwisha kaza kamba. Maji yalinifika magotini, baridi, yakipanda bila kelele. Krismasi ilikuwa bado; Lenah angesoma hapa hapa Bumula. Nikawaambia wangoje kidogo.