Senyorita wa Miaka Arobaini na Mitatu

Nelida Huamani alichoka kabla siku yenyewe haijaanza kumchosha. Kutoka kwao kilimani hadi barabarani kuna ngazi mia moja arobaini na mbili, na dada yake Gaudensia alimshusha zote mgongoni, amemfunga kwa mbeleko ya sufu, huku jirani akiwafuata na kiti cha magurudumu. Halafu bajaji. Halafu foleni ya kuchukua namba pale zahanati. Hii ilikuwa safari ya nne tangu Pasaka, na damu bado ilikuwa inamtoka. Haikuwa ya mwezi. Ilikuja ilipotaka, ikamwacha na kizunguzungu.

Safari ya kwanza mkunga alitazama faili, akampa vidonge vya kuongeza damu. Ya pili, vidonge. Ya tatu, vidonge na ushauri wa kula bitiruti. Hakuna aliyemgusa. Nelida alijiambia sababu ni kitanda cha uchunguzi, maana kilikuwa kimeinuka mno na watu wa pale walikuwa wavivu wa kunyanyua. Polio ilimlaza miguu akiwa na miaka mitatu. Uvivu wa watu kumnyanyua ameuzoea. Leo alikuwa ameapa kwamba hashuki kilimani bure.

Dirishani alikaa karani, Bwana Wilber, nyuma ya kioo chenye kitundu kidogo, kwa hiyo kila ugonjwa wa mtaa ule ulitangazwa kwa sauti ya sokoni.

"Huyu ana nini leo?" akamuuliza Gaudensia.

"Niulize mimi," Nelida akasema. "Iliyolala ni miguu. Mdomo uko macho."

Foleni ikacheka. Wilber hakucheka.

"Haya binti, una nini?"

"Damu, ile ile. Leo nataka kipimo cha mlango wa kizazi. Redioni wanasema kila mwanamke wa umri wangu apimwe."

Wilber akafunua faili, akaweka kidole kwenye mstari. "Wewe haikuhusu. Hapa umeandikwa senyorita."

Pale dirishani neno hilo halikuwa la adabu wala la kubembeleza. Lilikuwa na maana moja tu, kwamba hajamjua mwanamume. Senyora anapimwa, senyorita anapewa vidonge aende zake. Swali lenyewe halitamkwi kamwe, wanauliza tu, "Senyora au senyorita?" na kila mwanamke wa kilima kile anajua anachoulizwa. Nelida alikuwa hajawahi kuulizwa.

"Nani kaniandika hivyo?"

"Mimi," Gaudensia akasema. "Siku ile tulipokuja kukufungulia faili. Waliniuliza mimi. Sasa ningesema nini, mdogo wangu? Si ndivyo ulivyo?"

Alisema kwa upole, hata kwa fahari. Huyu ndiye aliyemwogesha tangu mama yao alipofariki, akakataa wachumba wawili kwa ajili yake, na kila Jumapili akawaringia wanawake wa kanisani kwamba mdogo wake ni safi kama alivyozaliwa. Nelida alimpenda, na kwa sababu hiyo alikuwa amenyamaza miaka yote. Kumwambia lilikuwa jambo zito kuliko zile ngazi.

Lakini damu ilikuwa inatoka. Hata sasa aliihisi.

"Bwana Wilber, futa hapo. Andika senyora."

"Sisikii!"

Bila shaka hasikii. Kioo kiliwekwa ili asisikie.

"Nimesema andika senyora! Miaka kumi na mmoja nilikuwa na mwanamume!"

Mama mmoja aliyekuwa anakunywa uji wa shayiri akabaki na kikombe hewani. Kisha bibi mmoja wa nyuma akasema, "Hongera mwanangu," na wanawake wawili wakaangua kicheko, si cha ubaya.

"Miaka haipo kwenye fomu," Wilber akasema, akafuta, akaandika.

Gaudensia aliinama, akafungua breki ya kiti. Alikisukuma kiti hadi chumba cha mkunga, uso umekakamaa. Mkunga akasema wamsubiri mlinzi aje kumnyanyua mgonjwa, ametoka kunywa chai. Gaudensia hakusubiri. Akafungua mbeleko, akaipitisha chini ya mapaja ya mdogo wake, akamnyanyua.

"Alhamisi," akamwambia sikioni. Alhamisi ndiyo siku yake ya kwenda soko la viazi.

"Alhamisi," Nelida akakubali.

"Teofilo. Yule fundi viatu, aliyekuwa anakuletea ngozi za kushona."

"Yeye."

"Marehemu yule! Na mimi mjinga nilikuwa namwachia supu!"

Nelida alitaka kucheka, ikashindikana. Teofilo alikufa kwa kifua miaka miwili iliyopita, na mazishini Nelida alimlilia kwa kiasi, kama mtu aliyepoteza fundi. Hilo pia lilimchosha.

Mkunga alianza kazi huku akizungumzia mvua. Baada ya muda kidogo akaacha kuzungumzia mvua. Akasogeza taa, akatazama tena, akavua glavu taratibu.

"Kuna uvimbe," akasema. "Na si wa jana. Nakuandikia barua, uende hospitali kubwa leo hii." Akashika kalamu, kisha akaiweka chini. Sauti yake ilikuwa na hasira kidogo. "Kwa nini hukuja mapema, mama?"

Mama. Katika jengo lile hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Nelida akafumba macho. Alikuwa na jibu, tena refu, lakini hakuwa na nguvu za kulibeba.

Gaudensia alikuwa bado ameushika mguu wake, usiteleze.

"Alikuja," akasema. "Mara zote alikuja. Mimi ndiye niliyemjibia."