Kijana wa Bahari ya Shamu

Jumamosi asubuhi Mzee Laurean alikwenda bafuni kunyoa ndevu, akamkuta Matar, mwenzake wa jeshini zamani, amelala kwenye beseni la kuogea. Maji yalikuwa ya chumvi. Matar alikuwa na umri uleule aliofia, miaka ishirini na kitu, na sare ya kaki imemganda mwilini.

“Tumefika Suez?” aliuliza.

“Hapa Thornton Heath,” Laurean akamjibu. “London.”

Matar akafikiri kidogo. “Basi tumepitiliza.”

Winifrida, binti yake Laurean, alikuwa ndiyo kwanza ametoka shifti hospitalini. Alimshika mgeni mkono atafute mapigo ya moyo, hakuyapata, akamletea taulo. Taulo halikufaa kitu, kwa sababu maji yalikuwa yakitoka ndani ya mwili wa Matar. Tangu siku hiyo Winifrida akawa anaoga kwa jirani yake Usha, ambaye aliuliza tu kama mgeni anakula nyama.

Laurean hakuwahi kumsimulia bintiye habari za meli. Sasa ilibidi.

Walikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Walipakiwa Mombasa kwenda kulinda maghala ya jeshi huko Misri. Waafrika walilazwa chini kabisa, jirani na injini. Meli ilipoingia Bahari ya Shamu joto likawazidi, wakawa wanapanda kulala sitahani. Wake wa maofisa wakalalamika. Luteni mmoja akaamuru mlango wa chini ukomewe kwa nje. Matar aligonga hadi ngozi ya mikono ikachubuka. Kulipokucha wakafunguliwa, naye amekwisha kufa. Alishonewa turubai, akafungwa chuma miguuni. Wenzake hawajamaliza kumsalia, akatupwa, maana meli ilikuwa na ratiba yake.

“Na mama yake aliambiwa nini, baba?”

“Homa.”

Mwezi huohuo wanajeshi wa zamani waliosafiri kwa meli zile walikutana katika ukumbi mmoja upande wa Victoria, wakumbushane safari. Laurean naye alikuwa amealikwa. Alikwenda na Matar kwa treni. Abiria walisogeza miguu isilowe, wakaendelea na magazeti yao.

Wazee wa Kizungu walisimama mmoja mmoja. Walikumbuka samaki warukao, muziki wa jioni, aiskrimu siku ya Jumapili. Mwenyekiti wao alikuwa luteni yuleyule. Laurean alimtambua kwa umbo la masikio yake.

“Ndiye?” Matar aliuliza.

“Ndiye.”

“Amezeeka,” Matar akasema, kama mtu anayetamani.

Zamu yake ilipofika Laurean alisimama, akaeleza yote, mlango na mikono, kwa Kiingereza alichokuwa amekifanyia mazoezi wiki nzima. Mwisho akamwonyesha Matar. Luteni alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Alisema ndiyo, anaukumbuka mlango ule, na joto la mwaka ule halikuwa na mfano. Hata wao huko juu feni ziliharibika. Watu wakapiga makofi.

Matar naye akasimama ili ataje jina lake na la mama yake. Alipofungua kinywa yakatoka maji, mengi, pamoja na mwani. Bibi mmoja akaleta ndoo, akawa anampapasa mgongo kwa upole hadi yakaisha. Mwenyekiti akamshukuru, kisha akatangaza chai.

Wakati wa kurudi Laurean alimshika rafiki yake mkono kama wanavyoshikana watu wa kwao, hadi nyumbani. Miaka yote ile alidhani Wazungu wale hawajui. Ilikuwa imemsaidia kuishi nao, kudhani hivyo. Kumbe wanajua, na chai inanyweka.

Matar hakuondoka tena. Hakuwa na pa kwenda.

Mwaka uliofuata mwenyekiti alipiga simu mwenyewe. Alisema wote walimpenda sana yule kijana na wangefurahi aje tena. Angewekewa kiti nyuma, mahali pasipo na zulia, na asijisumbue kuzungumza.

“Wanasemaje?” Matar aliuliza kutoka bafuni.

Laurean akaweka simu chini.

“Wanakusalimu,” alisema.

Na Matar, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaitikia salamu.