Uso wa Kungwi

Ujiji nzima hapakuwa na mwanamke aliyejua kujisifu kama Mwanakombo, na tuseme ukweli, haki alikuwa nayo. Mabibi harusi wa mji ule walipita mikononi mwake. Alikuwa kungwi: aliwafunda unyumba, akawasugua singo ya liwa, manjano, karafuu na ndimu mpaka ngozi ikateleza. Na kabla hajamgusa mwari, alishika desturi aliyoachiwa na waliomtangulia. Alisimama mbele ya akina mama, akafunua uso na mikono, akataja jina la kungwi aliyemfunda yeye. Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza.

Mwaka ule wa 1996, mashua zilipokuwa zikishusha Warundi waliokimbia vita kule mpakani Kagunga kila kukicha, ngozi ya Mwanakombo ikamgeuka. Hedhi ilikuwa imekoma. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi utosini katikati ya mazungumzo, akabaki kujipepea kwa ncha ya kanga huku watu wakimtazama. Mikono ikakauka ikawa ya kuwasha, na mabaka meusi yakamtoka mashavuni. Akafanya kile alichokijua. Ngozi ilipokauka aliisugua singo, ilipowasha akaongeza ndimu, ilipozidi akasugua tena kwa hasira. Aliyewang'arisha wanawake wa mji mzima alikuwa anajichuna mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Ndipo shangazi wa Nasma, mwari aliyekuwa karibu kuolewa, alipokuja kuzungumzia harusi. Mama yule alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Kungwi, umechoka," akasema. "Njoo siku ya singo, ujifunue kama ilivyo desturi. Akina mama wakiridhika, sawa. Wasiporidhika, yupo kungwi wa kule Gungu, tumeshamwambia akae tayari."

Mwanakombo alimsindikiza mpaka mlangoni akitabasamu, kisha akarudi ndani akalia. Kungwi akikataliwa nyumba moja Ujiji, basi amekataliwa zote. Alfajiri akaenda sokoni akanunua kopo la krimu ya kuchubua.

Alikuwa ameketi uani na kopo lile mapajani wakati Honorata alipotoka chumba cha nyuma. Huyu alikuwa mkimbizi wa kutoka Rumonge, mtu wa makamo kama yeye. Mwanakombo alimkuta ufukweni na kifurushi kimoja, akampa chumba bila kuuliza maswali mengi.

"Mama Saidi, hiyo unampaka nani?" akauliza, akimwita Mwanakombo kwa jina la mwanawe.

"Najipaka mwenyewe. Una neno?"

"Ninalo." Honorata akavuta kigoda. "Jirani yangu kule kwetu alijipaka hiyo. Akawa mweupe kidogo, halafu uso ukaungua, jua likawa adui yake. Na wewe ngozi yako haina uchafu wa kusuguliwa. Ina kiu. Unaisugua kama ya mwari."

"Unanifundisha ngozi, mimi?"

"Oya," akakataa kwa Kirundi. "Ngozi ya mwari unaijua wewe. Hii ya umri wetu sisi, mimi nimekutangulia."

Mwanakombo alifungua kinywa amjibu jibu la kumrudisha Rumonge kwa miguu. Lakini papo hapo jasho likamfumka Honorata kwenye paji la uso, shingo ikalowa, akanyakua kanga iliyoanikwa kwenye kamba akaanza kujipepea kama mtu anayefukuza nyuki. Wakatazamana. Mwanakombo akaangua kicheko, na Honorata naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kopo likaishia kwenye shimo la taka.

Toka siku ile singo ikapigwa marufuku, ndimu ikarudi jikoni. Maji ya kuoga yakawa ya uvuguvugu, na sabuni ya kufulia ikabaki na nguo. Akitoka bafuni, ngozi ikiwa bado na unyevu, Honorata alimpaka mafuta ya mise, yale meusi yanayokamuliwa kwenye kokwa za mchikichi. Mwanakombo alikuwa akiyadharau maisha yake yote. Aliyaita mafuta ya vichanga na watu wa mashamba, na harufu yake ilimkera. Sasa alinyoosha mikono mwenyewe. Mchana, akishuka ziwani, alijitanda kanga vizuri ili jua lisimpige usoni.

Muwasho ukaondoka. Mikono ikalainika. Mabaka yalififia, ila hayakwisha.

"Mengine yatabaki," Honorata alimwambia. "Yaache."

Siku ya singo ikafika. Akina mama walijaa ukumbini, Nasma katikati ya mkeka, bakuli la singo pembeni yake, na kungwi wa Gungu kwenye kona. Mwanakombo aliingia bila poda wala wanja. Honorata, aliyembebea kikapu, akasimama nje ya mlango kama mtu asiyealikwa.

Mwanakombo akavua ushungi. Minong'ono ikapita.

"Mabaka mnayaona," akasema. "Nimefika umri ambao damu inakoma na joto linampanda mtu hadharani. Nilijisugua singo nikaharibu. Singo ni ya mwari. Mimi ngozi yangu inataka kulishwa, na sasa inakula. Guseni."

Akanyoosha mkono. Shangazi wa Nasma aliugusa kwa kidole, kisha kwa kiganja kizima, na hakuuachia.

"Kungwi aliyenifunda usichana ni Bi Mtumwa wa hapahapa Ujiji," Mwanakombo akaendelea, kifua mbele. "Na kungwi aliyenifunda utu uzima ni Honorata wa Rumonge. Yupo hapo mlangoni. Honorata, ingia, huwezi kusimama nje watu wakikutaja."

Honorata akaingia, kikapu kifuani, akapewa mahali pa kukaa palepale mbele, mkekani.

Hakuna aliyemtazama tena kungwi wa Gungu. Shangazi alikunja mkono wa gauni lake polepole. Ngozi yake ilikuwa imepauka, imejaa mikwaruzo ya kucha.

"Na mimi je?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mwingine akakunja mkono wake, na mwingine. Honorata akatoa chupa ya mise kikapuni, akaifungua. Nasma aliketi mbele ya bakuli lake la singo, akangoja mpaka mama zake walipokwisha kupakwa.